Mbwa au chumba: Popi anabweka kutwa, mwenye nyumba kachoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikuwahi kufikiri nitakuandikia kuhusu mbwa. Wenzangu wanakuandikia kuhusu waume na mawifi. Mimi kinachoninyima usingizi kina kilo sita na mkia uliojikunja.

Nina miaka 31, nauza kwenye duka la dawa Kariakoo, nimepanga Tabata. Nyumba ni moja, wapangaji watatu, uwanja mmoja, na geti la nondo linalotazama kichochoro. Naishi na mdogo wangu wa kiume ambaye anasoma chuo. Mwaka jana bosi wangu wa zamani alihama nchi akaniachia mbwa wake, Popi. Ni chotara wa Spitz, mweupe, manyoya kama pamba iliyochambuliwa, umri miaka mitatu. Hajawahi kumng'ata mtu. Tatizo lake ni mdomo.

Anabwekea kila kitu. Fundi cherehani akipita anagonganisha mkasi, anabwekewa. Muuza kahawa na vikombe vyake, anabwekewa. Kijana wa karanga akichezesha sarafu mkononi, ndiyo kabisa. Paka akitembea juu ya bati usiku, nyumba nzima inaamka. Pembeni ya geti kuna ndoo ya rangi ya lita 20, ile tupu, ameifanya mnara wake: anapanda, anaingiza pua kati ya nondo, anasubiri nani apite. Asubuhi natoka saa kumi na moja na nusu, na Mama Junior wa chumba cha pili, ambaye ana kichanga cha miezi miwili, anasema nikishafunga geti tu Popi anaanza kulia na kubweka mpaka saa mbili. Jioni nikiwa napika anakaa mlangoni ananibwekea usoni hadi nimrushie kitu. Nikirusha ananyamaza dakika tano, anaanza tena.

Kinachonichoma zaidi ni Baba Zuhura, mzee wa chumba cha mbele. Adhana ikianza msikiti wa jirani, hasa ya alfajiri na ya magharibi, Popi anainua shingo na kuitikia kwa sauti ndefu kama yuko msibani. Mzee hajanitamkia neno baya hata siku moja, ila siku hizi ananiitikia salamu huku anatazama ukuta.

Nimejaribu kumfokea, kumrushia kandambili, na mdogo wangu amewahi kumchapa na mwiko. Tulimfungia stoo, akakwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu. Mwenzangu kazini anasema kuna mikanda ya shingoni inayopiga shoti mbwa akibweka, unaagiza kwa simu tu. Mwingine anasema nimpe nusu kidonge cha usingizi, si ninavyo dukani? Mjomba yeye anasema nimpakie kwenye bajaji nikamwache Pugu.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alinipigia. Mwisho wa mwezi ujao, mbwa au chumba. Shangazi, nifanyeje?

Mwenye Popi, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye ndoo ya rangi. Mara ya pili nilishika kalamu, maana majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujua.

Jambo la kwanza, ambalo mengine yote yataning'inia hapo: Popi ana ajira. Anaamka, anapanda mnara, anafukuza watu, analipwa. Mtazame huyo fundi cherehani kwa macho yake. Anasikia mkasi unakuja, kwa, kwa, kwa. Anabweka. Mkasi unasogea, anabweka kwa nguvu zaidi. Halafu mkasi unaanza kufifia, unapotea konani. Wewe na mimi tunajua fundi alikuwa anatafuta zipu za kubadilisha na njia yake ni ile ile hata mbwa angekuwa amelala. Popi anajua amemfukuza. Akaja wa kahawa, kafukuzwa. Akaja wa karanga, kafukuzwa. Mbwa huyu anapigana vita ishirini kwa siku na hajashindwa hata kimoja. Nani angeacha kazi ya namna hiyo? Na wewe ukitoka ndani umeshika kiuno, "Popi! Popi we! Nyamaza!", kwake umekuja kumsaidia kubweka.

Ongeza na damu yake. Jamii ya Spitz inasifika kwa kuwa walinzi wa mdomo, na wengi walioanza kuwafuga hapa mjini walivutiwa na hilo hilo kabla ya kuchoka nalo. (Mtu atakwambia mbwa wasiobweka wapo. Ni kweli, wako Kongo, wanaitwa basenji, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani mbwa wa watu wa porini. Wawindaji huwavisha kengele shingoni kwa sababu wakiingia msituni hawasikiki. Lakini hata hao wana sauti yao ya ajabu kama mtu anayeimba huku anakabwa, na wewe hujapewa basenji, umepewa Popi.) Ukitaka Popi asitoe sauti kabisa, huyo mbwa hayupo. Tunachotafuta ni abweke mara mbili tatu, akuarifu, aache.

Sasa, kubweka kwake umekuweka kwenye kapu moja, na hapo ndipo dawa zote zimegonga mwamba. Kwenye barua yako mimi nahesabu kelele nne: ya getini, ya jikoni, ya kuachwa asubuhi, na ya adhana. Kila moja ina mzizi wake. Ile ya jikoni ukiitibu kwa kumfariji, umeharibu. Ile ya kuachwa ukiitibu kwa kumpuuza, umeharibu vilevile.

Tuanze na getini kwa kuwa ndiyo nyingi na ndiyo rahisi. Kila anapopanda pale anafanya mazoezi, na mazoezi humfanya mtu yeyote fundi. Basi mnyime uwanja. Tafuta kipande cha turubai, au mkeka wa plastiki uliochakaa, au bati jepesi, ufunge kwenye nondo kuanzia chini hadi urefu wa kiuno chako. Muulize mwenye nyumba kwanza, geti ni lake. Popi akikosa kuona miguu ya wapita njia, nusu ya vita vyake imekwisha. Sehemu yake ya kulala ihamishie nyuma ya nyumba au ndani, mbali na kichochoro.

Kuona utamzuia, kusikia hutaweza. Sikio la binadamu linakomea kwenye hezi 20,000 hivi, la mbwa linafika kama 45,000, kwa hiyo chuma kikigongana na chuma yeye anasikia mambo ambayo sisi hatuyajui. Hapa ndipo unahitaji kumfundisha, na kwa kufundisha wanyama nina haki ya kuringa kidogo, maana mimi naishi Morogoro. Huku Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya akipatia anasikia mlio mdogo, klik, halafu anapewa ndizi. Hivyo tu. Panya mmoja aliyefunzwa hapa, Magawa, alikwenda Kambodia kunusa mabomu akatunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Hakuna aliyemchapa na mwiko. Panya buku akiweza, Popi naye ataweza.

Nunua dagaa wakavu wasio na chumvi. Mkatie vipande vidogo, dagaa mmoja atoe hata vinne, kwa sababu mbwa wa kilo sita ukimpa dagaa wazima kumi tayari umempa mlo. Jumamosi, mdogo wako aende mwisho wa uwanja na mkasi wa nyumbani. Wewe kaa na Popi. Mdogo wako agonge mkasi mara moja, taratibu sana, mlio mdogo. Popi atatega sikio. Hapo hapo, kabla hajafungua mdomo, dagaa puani. Mkasi, dagaa. Mkasi, dagaa. Mara kumi, mnaacha, mnakwenda zenu. Jioni tena. Kesho mdogo wako asogee hatua mbili, agonge kwa nguvu kidogo. Akibweka, mmekwenda haraka. Rudini nyuma hatua mbili, wala msimgombeze. Baada ya siku kadhaa utaona jambo linalofurahisha: mkasi ukilia, Popi anageuza shingo anakutazama wewe mkononi. Ukiona shingo hiyo imegeuka, ujue mshahara umehama. Zamani alilipwa na fundi kwa kuondoka, sasa unamlipa wewe kwa kunyamaza.

Ukifika hapo mwite fundi mwenyewe. Una gauni lolote la kupunguza? Mpe kazi akae nje ya geti, na kabla hajaanza mwombe arushe dagaa wawili watatu chini ya turubai. Mafundi wengi watacheka na watakubali. Wa kahawa hivyo hivyo, kwa vikombe. Paka wa juu ya bati sina dagaa wake. Usiku mlaze Popi ndani, mlango umefungwa, feni ikiwa inaunguruma.

Pamoja na hayo mfundishe neno moja. Wengine husema "kimya", mimi hutumia "basi". Akibweka mara mbili, usipige kelele. Msogelee, sema "basi" kwa sauti ya kawaida kama unamwambia mtu chai imetosha, huku dagaa uko mbele ya pua. Mbwa hawezi kunusa kwa bidii na kubweka kwa wakati mmoja. Atanyamaza ili anuse. Hesabu moja, mbili, mpe. Kesho hesabu mpaka tatu. Keshokutwa mpaka tano. Neno liwe moja nyumbani kote. Wewe ukisema "basi", mdogo wako akisema "shut up we mbwa", Popi atabaki kama mgeni aliyeulizwa swali kwa lugha mbili.

Jikoni sasa. Hapa mwanangu nakusema wewe. Umeandika kwa mkono wako kwamba anabweka hadi umrushie kitu. Mtoto akilia askrimu dukani akapewa, kesho atalia wapi? Popi amekufundisha wewe vizuri sana, tena kwa kutumia njia ya APOPO. Kuanzia leo, akikubwekea jikoni mgeuzie mgongo. Usimtazame, usimjibu, usimguse. Akinyamaza, hata kama ni kwa kuvuta pumzi, geuka, mpe kipande. Bora zaidi, kabla hujawasha jiko mpe cha kwake cha kushughulika nacho.

Ila nakuonya: siku za mwanzo atabweka zaidi ya zamani. Mfano wake ni mtu anayebonyeza swichi taa isiwake. Habonyezi mara moja akaondoka, anabonyeza bonyeza kwanza. Nilikuwa na mbwa wangu, jike mweusi, mwenye tabia hiyo hiyo mezani. Nilivumilia siku tatu. Ya nne wageni walikuwa sebuleni, aibu ikanishika, nikampa pande la chapati. Nilichomfundisha siku ile ni kwamba siku tatu ndiyo kipimo, na ilinigharimu karibu mwezi kumfundisha upya. Kama unajua jioni fulani hutaweza kuvumilia, usianze jioni hiyo. Mfungie chumbani na mfupa wake mapema kabla hajabweka.

Ile ya asubuhi ndiyo inayonitia wasiwasi. Mbwa anayelia tangu geti lifungwe hadi saa mbili, aliyekwaruza mlango wa stoo mpaka damu, hadai kitu. Ana hofu. Kumbuka alikuwa na bosi wako, siku moja bosi akatoka hakurudi. Kila ukichukua funguo anaona mambo yale yale yanajirudia. Stoo isahau kabisa, na mwiko pia.

Kwanza pata uhakika. Acha simu ya zamani ikirekodi asubuhi moja. Ukimsikia anabweka kwa vipindi, akinyamaza akingoja sauti za njiani, huyo ni wa getini tu, turubai litasaidia. Ukisikia kulialia, kuhema, kutembea kucha tik tik tik bila kupumzika, hiyo ni hofu ya kuachwa.

Dawa yake ni kuachwa kwa dozi ndogo, na wewe mtu wa dawa utanielewa. Jumapili chukua funguo, zitikise, kaa chini utazame televisheni. Rudia mpaka funguo zisimshtue. Halafu toka nje, funga, hesabu tano, rudi ndani kama vile ulikwenda chooni, bila "ooh Popi wangu". Kesho hesabu ishirini. Kisha dakika. Kisha dakika tano. Ukirudi kabla hajaanza kulia, ameshinda. Ukirudi anapolia, umemlipa. Katika wiki hizi mdogo wako asiharakishe kutoka baada yako, ili Popi asibaki peke yake muda mrefu; kama kipindi chake cha chuo ni saa tatu, anaweza kulala sebuleni pale Popi alipo.

Na usimwache na tumbo tupu na akili tupu. Amka mapema dakika ishirini, mtembeze. Najua utasema saa kumi na moja ni giza. Zunguka mtaa palepale, kwa kamba fupi, umwache anuse kila mti na kila nguzo, kunusa nako kunamchosha. Jioni tena, lami ikishapoa. Ukitaka kujua imepoa, weka mgongo wa mkono wako juu yake. Ukishindwa kuvumilia sekunde tano, na yeye hawezi. Ukitoka mpe chakula chake cha asubuhi kwenye trei ya mayai, kila tundu punje chache, juu yake fulana kuukuu. Atatumia nusu saa kufukua. Chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa, kifuniko na ule mkufu wake vimeondolewa asije akavimeza, ukiweka vipande vya ugali mkavu ndani ataiviringisha hadi achoke. Ugali wenyewe uwe mtupu: mabaki ya mchuzi wenye vitunguu yasiingie, vitunguu ni sumu kwa mbwa, na chokoleti pia.

Ukiona wiki mbili hazijabadilisha kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa kweli mpeleke hata kabla, apimwe masikio na meno, maumivu hufanya mbwa abweke. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya wasiwasi kwa muda. Lakini hapo dukani kwako, mwanangu, mkono wako usifike kwenye rafu. Vidonge vya usingizi vya watu, kwa dozi ya kukisia, kwa mwili wa kilo sita, vinaweza kumwua. Siku akiumwa usimpe ibuprofeni wala diklofenaki, zinachimba tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Mkanda wa shoti, la. Popi hatajua shoti inatoka shingoni. Atajua kwamba kila mkasi ukilia anaumia, na siku fundi akisogea karibu hatabweka tena, atang'ata. Na Pugu kwa mjomba, la pia: mbwa wa kulala kwenye mto hadumu vichakani, atakayedumu atakuwa mbwa koko wa kuambukizwa na kuambukiza kichaa. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008 na inakataza ukatili. Mwambie mjomba hivyo, kwa adabu.

Kuhusu kichaa, neno moja. Kama sauti ya kubweka ya mbwa yeyote inabadilika ghafla, inakuwa ya mkwaruzo, mate yanamtoka na hamezi, usimchungulie mdomoni. Mtenge, mpigie daktari. Na chanjo ya Popi ya kila mwaka iwe imeandikwa kwenye kadi. Kadi hiyo utaihitaji hapa chini.

Nimemwacha Baba Zuhura mwisho makusudi.

Mimi nimezaliwa Tanga, nyumba ya Kiislamu, na baba alikuwa na mbwa wawili shambani. Walilinda mahindi dhidi ya ngedere, walikula, walitibiwa, na mlango wa nyumba hawakuuvuka. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa yakigusa chombo au nguo ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mzee anapotazama ukuta, usidhani ni kelele tu. Anafikiria kanzu yake ilipo kwenye kamba na Popi alipo. Wahenga walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini, na huyu wako anaingia kwa sauti kila alfajiri.

Popi kuitikia adhana hakuna dhihaka ndani yake. Sauti ndefu inayopanda na kushuka huamsha kwa mbwa wito wa zamani wa kundi. Ving'ora vya gari la wagonjwa humfanya vivyo hivyo. Lakini usimwendee mzee na maelezo ya sayansi. Mwendee na utaratibu. Nenda jioni, wewe peke yako, nguo safi, Popi abaki ndani. "Shikamoo baba. Nimekuja kukuomba radhi." Mwache aseme. Pengine atasema kidogo sana, wazee wa pwani ndivyo walivyo, na kidogo hicho ndicho cha kusikiliza. Halafu mwambie utakachofanya: Popi hatafika mbele ya mlango wake, kamba ya nguo utaihamisha au utamzungushia Popi uzio wa wavu, na nyakati za sala atakuwa ndani.

Na kweli awe ndani. Pakua ratiba ya sala, weka kengele ya simu dakika tano kabla ya alfajiri na kabla ya magharibi. Mwingize chumba cha nyuma, feni au redio kwa sauti ya chini, na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe, usiopikwa, maana uliopikwa unakatika vipande vikali. Mdomo unaotafuna hauombolezi. Adhana ikiisha mfupa unarudi kwenye friji. Utashangaa wiki chache mbele, adhana ikianza, Popi atakimbilia chumba cha nyuma mwenyewe.

Mama Junior naye muulize kichanga kinalala saa ngapi, mazoezi ya mkasi yasiangukie hapo. Mpe namba yako, aseme siku Popi akizidi. Mtu aliyepewa nafasi ya kulalamika kwako halalamiki kwa mwenye nyumba.

Huyo mwenye nyumba mwendee ukishawamaliza hao wawili, siyo kabla. Chukua kadi ya chanjo, mwonyeshe picha ya turubai getini, mwambie, "Nimeongea na Baba Zuhura, nimeongea na Mama Junior, naomba ukipita mwisho wa mwezi uwaulize wao." Una kama wiki sita. Getini na jikoni zinatosha kuleta tofauti ya kusikika, ya kuachwa itachukua muda zaidi, na umwambie hivyo bila kumficha. Akikataa katakata, anza mapema kumtafutia Popi mtu mwenye uwanja mpana, asiyepakana na msikiti, umpeleke mwenyewe na trei yake ya mayai.

Ila hayo ni ya wiki sita. Leo usiku, kabla hujalala, kaiondoe ile ndoo ya rangi.